Je, Unabii wa Kale Ulitimia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Tiro, Babeli na Manabii wa Israeli

Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mara katika vikundi vya kusoma Biblia, katika mihadhara ya dini na katika mabishano ya vijana baada ya ibada. Majina ya watu, miji na vitabu yamefuata Biblia ya Union Version. Miaka ya kabla ya Kristo imeandikwa KK, na ya baada yake BK. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Kabla ya kupima

1. Tunaposema unabii "umetimia", tunamaanisha nini hasa?

Katika mazungumzo ya kila siku, neno hutimia pale lililosemwa linapotokea kama lilivyosemwa. Mtu akitabiri kuwa mji fulani utatekwa na mfalme fulani, na mfalme yuleyule akauteka mji uleule, tunasema maneno yake yametimia, na hakuna anayebisha.

Waandishi wa Agano Jipya, hata hivyo, hutumia kitenzi cha Kigiriki ambacho maana yake ya kwanza ni kujaza, kama mtu ajazavyo mtungi. Kwao andiko la kale laweza kutimia hata kama halikuwa utabiri, kwa kuwa tukio jipya limelijaza maana ambayo mwanzoni lilikuwa nayo kwa sehemu tu. Nusu ya ugomvi unaohusu unabii hutokana na watu wawili kutumia neno moja, mmoja kwa maana ya kwanza na mwingine kwa maana ya pili, bila yeyote kati yao kulitambua hilo. Mfano ulio wazi umo katika swali la 13.

2. Ni mambo gani ya kuangalia kabla ya kusema kwamba unabii umetimia au haukutimia?

La kwanza ni tarehe: maneno yaliandikwa lini, na tukio lilitokea lini? La pili ni maneno yenyewe, yakisomwa kwa ukamilifu wake na si mstari mmoja uliong'olewa katika sura. La tatu ni tukio, kama linavyojulikana kutokana na ushahidi ulio nje ya kitabu kinachodai utimilifu. Mara nyingi wasemaji hushughulikia hilo la tatu peke yake: huonyesha picha ya magofu, husoma mstari unaotaja magofu, na hapo huona kazi imekwisha.

Kuhusu tarehe, ugunduzi wa magombo katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947, ulitoa mpaka ulio imara. Gombo kubwa la Isaya, lenye sura zote 66, liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwa Yesu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba Wakristo walitunga maneno ya Isaya baadaye. Lakini gombo hilo halisemi lolote kuhusu iwapo sura za mwisho ziliandikwa katika karne ya 8 KK au ya 6 KK, na kosa la kuruka kutoka jambo la kwanza hadi la pili husikika sana.

3. Je, Biblia yenyewe inatoa kipimo?

Inatoa. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana, na neno lisitokee, neno hilo Bwana hakulinena. Kipimo hicho kinatumika katika Yeremia 28, ambapo nabii Hanania aliahidi kwamba nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka miwili, na Yeremia akamjibu kuwa nabii wa amani hujulikana neno lake linapotokea. Hanania alikufa mwaka uleule, na nira haikuvunjwa.

Kwa hiyo anayeuliza kama unabii ulitimia hafanyi jambo la kukufuru, kwa sababu anafuata amri iliyoandikwa. Kipimo hicho kina tanzu yake, yaani unabii wenye masharti, ambayo imeelezwa katika swali la 15.

## Tiro

4. Ezekieli alisema nini kuhusu mji wa Tiro?

Tiro ulikuwa mji wa biashara wa Wafoinike, na sehemu yake kuu ilikuwa kisiwani, yapata mita 800 kutoka pwani ya nchi tunayoiita leo Lebanoni. Mbele yake, upande wa bara, kulikuwa na makazi yaliyoupatia mji maji na chakula. Ezekieli alitoa unabii wake katika mwaka wa kumi na mmoja wa uhamisho wa Babeli, yaani karibu na wakati wa kuanguka kwa Yerusalemu, mwaka 587 au 586 KK.

Sura ya 26 inaanza kwa kusema kwamba mataifa mengi yatapanda juu ya Tiro kama mawimbi ya bahari, na mji utakuwa jabali tupu, mahali pa kutandazia nyavu. Kuanzia mstari wa 7, adui anatajwa kwa jina: ni Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Yeye atawaua binti zake walio mashamba, yaani vijiji vyake vya bara, ataweka vyombo vya kubomolea mbele ya kuta, atabomoa minara, na kwato za farasi zake zitakanyaga njia zote za mji. Kisha mstari wa 12 unahama kutoka "yeye" kwenda "wao": watateka utajiri, watabomoa kuta, watatupa mawe, miti na mavumbi kati ya maji. Mwisho wa yote, mji hautajengwa tena, na ukitafutwa hautaonekana.

5. Je, Nebukadreza aliuteka mji huo?

Aliuzingira kwa miaka 13, kwa mujibu wa mwanahistoria Josephus, aliyetumia kumbukumbu za Wafoinike wenyewe. Makazi ya bara hayakuwa na kinga dhidi ya jeshi kubwa namna hiyo, na sehemu ya unabii inayohusu binti walio mashamba haina sababu ya kutiliwa shaka. Kisiwa ndicho kilichomshinda. Farasi hawatembei juu ya maji, na Wababeli hawakuwa watu wa bahari. Mwishowe Tiro ilikubali kuwa chini ya mamlaka ya Babeli, ikaendelea kuwa na watawala wake na biashara yake.

Ushahidi mzito kuliko wote haumo kwa Josephus, umo ndani ya kitabu cha Ezekieli. Sura ya 29, mistari ya 17 hadi 20, ina neno lililotolewa mwaka wa ishirini na saba, yaani 571 KK, likiwa na tarehe ya mwisho kabisa kati ya zote zilizomo katika kitabu hicho. Hapo nabii anasema kwamba Nebukadreza alilitumikisha jeshi lake kazi kubwa juu ya Tiro, kila kichwa kikapata upara na kila bega likachunika, lakini yeye na jeshi lake hawakupata ujira wowote kutoka Tiro. Kwa hiyo atapewa nchi ya Misri iwe ujira wake.

Mistari hiyo ni nadra kusomwa katika mahubiri kuhusu Tiro. Binafsi naiona kuwa miongoni mwa mistari yenye uaminifu mkubwa katika vitabu vya manabii. Mtu aliyeahidi nyara anaandika, miaka 15 hivi baadaye, kwamba nyara hazikupatikana, na wanafunzi wake wanayatunza maneno yote mawili katika kitabu kimoja.

6. Lakini si Alexander Mkuu ndiye aliyekamilisha unabii?

Hili ndilo jibu linalotolewa mara nyingi zaidi, nalo lina nguvu yake. Mwaka 332 KK Alexander alifika Tiro, akakataliwa kuingia, akauzingira mji kwa miezi saba. Ili kukifikia kisiwa, askari wake walijenga tuta baharini kwa kutumia mawe na vifusi vya mji wa bara uliokuwa magofu, pamoja na magogo kutoka milima ya Lebanoni. Ni vigumu kusoma maneno kuhusu mawe, miti na mavumbi kutupwa kati ya maji bila kulikumbuka tuta hilo. Meli zake pia zilitoka Sidoni, Kipro na kwingineko, jambo linaloafikiana na "mataifa mengi". Mji ulitekwa, maelfu waliuawa, na mwanahistoria Arrian anataja watu 30,000 waliouzwa utumwani.

Wanaotetea maelezo haya husema kuwa mabadiliko ya "yeye" kuwa "wao" katika mstari wa 12 ni ishara kwamba nabii anamwacha Nebukadreza na kuwageukia wavamizi wa baadaye. Sarufi inaruhusu usomaji huo, ila haiulazimishi. Mstari wa 11 umetoka kuzungumza juu ya jeshi lenye farasi, na "wao" wa kawaida kabisa ni askari wa jeshi hilohilo. Tena mistari ya 8 hadi 11 inabaki kama deni: minara na njia za mji vilipaswa kubomolewa na kukanyagwa na Nebukadreza, naye, kwa ushuhuda wa Ezekieli mwenyewe, hakupata kitu.

Kwa hiyo hukumu iliyo ya haki, kwa maoni yangu, ni hii: Tiro ilishambuliwa na mataifa mengi, na mji wa bara ulitupwa baharini kwa namna inayofanana sana na maneno ya nabii, lakini yule aliyetajwa kwa jina hakulitenda lililosemwa atalitenda.

7. Je, ni kweli kwamba Tiro haikujengwa tena na kwamba leo ni mahali pa wavuvi tu?

Si kweli. Miaka 17 hivi baada ya Alexander, mji ulikuwa umepata nguvu kiasi kwamba jemadari Antigonus alilazimika kuuzingira upya. Katika Agano Jipya, Yesu anakwenda hadi mipaka ya Tiro (Marko 7:24), na Paulo anakaa Tiro siku saba pamoja na wanafunzi aliowakuta huko (Matendo 21:3-4). Wapiganaji wa Msalaba waliuteka mwaka 1124, wakaupoteza kwa Wamamluki, watawala wa Misri, mwaka 1291. Leo mji huo unaitwa Sur, una maelfu ya wakazi, soko, bandari na hoteli, na magofu yake ya Kirumi yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1984. Mchanga uliojikusanya kando ya tuta la Alexander umekifanya kisiwa cha zamani kuwa rasi.

Wavuvi wapo kweli, nao hutandaza nyavu. Lakini mwenyeji wa Bagamoyo au Lamu hahitaji kuambiwa kwamba nyavu hutandazwa katika kila mji wa pwani, uliolaaniwa na usiolaaniwa.

Hujibiwa kwamba ni Tiro ya bara tu ndiyo isiyopaswa kujengwa tena. Jibu hilo linagongana na maneno ya Ezekieli, anayeuelezea mji wake kuwa umo katikati ya bahari (26:5, 27:4), yaani kisiwa.

8. Na Misri, aliyoahidiwa Nebukadreza badala ya Tiro, aliipata?

Kipande cha kibao cha udongo kilichohifadhiwa Uingereza kinataja kampeni ya Nebukadreza dhidi ya Misri katika mwaka wake wa 37, yaani 568 au 567 KK. Kwa hiyo alikwenda. Hakuna dalili, hata hivyo, kwamba aliitawala nchi, wala kwamba Misri ilikaa ukiwa miaka 40 bila mguu wa mwanadamu kupita, kama Ezekieli 29:11 inavyosema. Farao Amasis alitawala kuanzia 570 hadi 526 KK, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia kuwa enzi yake ilikuwa ya neema kubwa. Misri ilianguka mikononi mwa Waajemi mwaka 525 KK, chini ya mfalme wao Cambyses.

Haifai kuliacha jambo hilo bila kutaja upande wa pili. Yeremia 44:30 ilitangaza kwamba Farao Hofra angetiwa mikononi mwa adui zake, na Hofra alipinduliwa na huyohuyo Amasis, kisha akauawa. Manabii wawili wa kizazi kimoja, wakizungumzia nchi moja, hawakupata matokeo yanayolingana.

## Babeli na kurudi kutoka uhamishoni

9. Je, Babeli ulikuwa ukiwa kama Isaya 13 ilivyosema?

Mwishowe ndiyo, lakini kwa njia tofauti na ile iliyoelezwa. Isaya 13 inawaita Wamedi wasio na huruma, na inaufananisha mwisho wa Babeli na Sodoma na Gomora. Mwaka 539 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyekwisha kuwatiisha Wamedi, aliuchukua mji huo, na kumbukumbu za Wababeli zinasema jeshi lake liliingia bila vita, ingawa kulikuwa na mapigano makali kabla ya hapo huko Opis. Mji haukuchomwa. Uliendelea kuwa miongoni mwa miji mikuu ya Waajemi, na Alexander alifia humo mwaka 323 KK.

Babeli ulikufa polepole, kama mji wa bandari unavyokufa njia za biashara zinapohama. Kujengwa kwa Seleukia kando ya mto Hidekeli kuliwavuta wakazi, ingawa makuhani wa hekalu waliendelea kuandika mahesabu ya nyota katika vibao vya udongo hadi karibu mwaka 75 BK. Kaisari Trajan alipofika mwaka 116 BK alikuta vilima na magofu. Mahali hapo ni karibu na mji wa Hilla nchini Iraki. Anayetaka kusema kwamba Babeli haukurudi tena kuwa mji mkuu wa dunia anasema kweli. Anayesema uliangamizwa na Wamedi kama Sodoma anasoma unabii na kuuita historia.

10. Miaka 70 ya Yeremia inahesabiwaje?

Yeremia 25:11 inasema mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli miaka 70. Neno hilo lilitolewa mwaka wa nne wa Yehoyakimu, 605 KK. Kutoka hapo hadi 539 KK ni miaka 66. Ukianzia 609 KK, mwaka ambao mabaki ya ufalme wa Ashuru yalizimika, unapata 70 kamili. Ukihesabu kuanzia kubomolewa kwa hekalu, 586 KK, hadi kumalizika kwa hekalu la pili, yapata 516 KK, unapata 70 tena.

Kwamba kuna njia mbili za kufika 70 haimaanishi kuwa utabiri una nguvu maradufu. Maana yake ni kwamba mwanzo wa hesabu umechaguliwa baada ya mwisho kujulikana. Lakini jambo kuu, kwamba Babeli ungetawala kwa muda unaolingana na maisha ya mtu kisha uanguke, lilitokea, na Yeremia alilisema wakati Babeli ukiwa katika kilele cha nguvu zake. Namhesabia hilo kuwa la kweli.

11. Isaya alimtaja Koreshi kwa jina zaidi ya miaka 150 kabla. Je, hilo si ushahidi wa kutosha?

Lingekuwa ushahidi mkubwa kama tarehe ingekuwa na hakika. Isaya mwana wa Amozi aliishi katika karne ya 8 KK, na Koreshi anatajwa katika Isaya 44:28 na 45:1. Wanazuoni wengi wanaona kuwa sura ya 40 na kuendelea ziliandikwa na mwandishi mwingine wakati wa uhamisho, kwa kuwa zinazungumza na watu walioko Babeli tayari, zinaichukulia Yerusalemu kuwa imekwisha kubomolewa, na hazitabiri ujio wa Koreshi kana kwamba yeye ni mgeni. Wanaoshikilia mwandishi mmoja hujibu kwamba nabii anaweza kusimama katika wakati ujao kwa roho, na kwamba magombo ya kale hayaonyeshi mgawanyo.

Mabishano haya hayawezi kuamuliwa kwa kutumia utimilifu wenyewe. Anayesema sura hizo ni za karne ya 8 kwa sababu unabii lazima uwe umetangulia tukio, kisha akatumia tarehe hiyo kuthibitisha unabii, anazunguka mbuyu.

## Danieli

12. Kwa nini Danieli huleta ubishi kuliko manabii wengine?

Kwa sababu ya usahihi wake. Sura ya 11 inafuata vita na ndoa za wafalme wa kusini na wa kaskazini, yaani Misri na Shamu, hatua kwa hatua hadi kwa Antioko wa Nne Epifane, aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Katika karne ya 3 BK mwanafalsafa Porphyry alidai kuwa usahihi huo ni wa mtu aliyeandika baada ya matukio, na wanazuoni wengi wa leo wanakubaliana naye.

Hoja yao kuu iko mwishoni mwa sura. Mistari ya 40 hadi 45 inamwona mfalme huyo akivamia Misri mara nyingine na kufikia mwisho wake kati ya bahari na mlima mtakatifu. Antioko alifia Uajemi mwaka 164 KK. Pale historia inapoishia kuafikiana na maandishi, wanasema, ndipo mwandishi alipokuwa amesimama. Wakristo wengi wanaoshikilia tarehe ya karne ya 6 KK huiona mistari hiyo kuwa inamhusu adui wa siku za mwisho, ingawa maandishi hayatoi alama kwamba mfalme amebadilika. Msomaji atambue kwamba ugumu huu ni uleule wa "yeye" na "wao" katika swali la 6.

## Agano Jipya na manabii

13. Je, Mathayo aliyatumia maandiko ya manabii kama utabiri?

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine hapana. Mathayo 2:15 inasema safari ya mtoto Yesu kutoka Misri ilitimiza neno la nabii kuhusu mwana aliyeitwa atoke Misri. Neno hilo ni Hosea 11:1, linalozungumzia taifa la Israeli wakati wa Musa, na mstari unaofuata unawalaumu watu haohao kwa kuwatolea Mabaali dhabihu. Hosea alikuwa akikumbuka yaliyopita. Mathayo, aliyewajua manabii vizuri, anasema kwamba historia ya Israeli inajirudia na kujazwa katika mtu mmoja.

Isaya 7:14 ni mfano mzito zaidi. Mfalme Ahazi, yapata 734 KK, aliwaogopa wafalme Resini wa Shamu na Peka wa Israeli. Isaya akampa ishara: mtoto atazaliwa, aitwe Imanueli, na kabla hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi ya wafalme hao wawili itaachwa. Dameski ulianguka mwaka 732 KK na Samaria mwaka 722 KK, kwa hiyo kwa kipimo cha kawaida ishara ilitimia katika kizazi cha Ahazi. Neno la Kiebrania lililotumika, *alma*, linamaanisha mwanamke kijana; tafsiri ya Kigiriki iliyotangulia Ukristo iliweka neno la bikira, nalo ndilo alilonukuu Mathayo na ndilo lililomo katika Union Version. Mkristo anaweza kuamini kuzaliwa kwa Yesu na bikira bila kudai kwamba Ahazi aliahidiwa ishara ambayo angeisubiri miaka 700 akiwa kaburini.

14. Vipi hesabu zinazoonyesha kwamba haiwezekani mtu mmoja kutimiza unabii mwingi kwa bahati?

Hesabu hizo huchukua uwezekano mdogo wa kila unabii na kuuzidisha kwa mwingine hadi kupata namba yenye sifuri nyingi. Kuzidisha huko ni halali tu iwapo matukio hayategemeani, na iwapo habari ya tukio haikuandikwa na mtu mwenye andiko mezani pake. Masharti yote mawili hayapo. Aliyempanda mwanapunda kuingia Yerusalemu alilijua andiko la Zekaria 9:9, na kitendo chake kilikuwa tangazo la makusudi. Hilo halipunguzi maana yake, lakini bahati haihusiki. Tena Mathayo peke yake anawataja punda na mwanapunda, wanyama wawili, mahali ambapo ushairi wa Zekaria unamtaja mnyama mmoja kwa maneno mawili, jambo linaloonyesha jinsi andiko lilivyoweza kuongoza usimulizi.

## Maswali ya pembeni

15. Je, unabii usiotokea unaweza kuwa wa kweli?

Kwa mujibu wa Yeremia 18:7-10, ndiyo: Mungu akitamka hukumu juu ya taifa, nalo likageuka, hukumu huondolewa. Yona alitangaza siku 40 bila kutaja sharti lolote, Ninawi ukatubu, ukasalimika. Mfano bora zaidi ni Mika 3:12, uliotabiri kwamba Sayuni utalimwa kama shamba. Yapata miaka 100 baadaye, Yeremia alipokuwa karibu kuuawa kwa kusema maneno kama hayo, wazee walisimama na kumnukuu Mika kwa jina, wakakumbusha kwamba Hezekia alimcha Bwana na mabaya hayakuja (Yeremia 26:18-19). Kwao, kutotokea kwa hukumu kulikuwa ndiyo kazi ya unabii iliyofanikiwa.

Sharti hilo haliwezi kuitwa kila pahali kuziba kila pengo. Hakuna mahali panaposema kwamba Tiro ilitubu.

16. Qur'ani nayo ina utabiri kuhusu Warumi. Unapimwaje?

Kwa vipimo vya swali la 2. Aya za mwanzo za Surat ar-Rum zinasema Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, nao watashinda katika miaka michache; neno la Kiarabu lililotumika hueleweka kuwa kati ya 3 na 9. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614 BK. Heraclius, kaisari wa Warumi, alianza kampeni yake mwaka 622, akashinda karibu na Ninawi Desemba 627, na vita vikaisha 628. Muda unategemea tukio lipi limechukuliwa kuwa mwanzo na lipi mwisho, sawa na miaka 70 ya Yeremia. Yapo pia mapokeo ya usomaji mwingine wa irabu unaogeuza nani aliyeshinda, ingawa si usomaji unaotumika. Kwamba ushindi wa Warumi ulionekana kuwa mbali sana mwaka 614, hilo halina ubishi.

17. "Nabii kama Musa" wa Kumbukumbu la Torati 18:18 ni nani: Yesu au Muhammad?

Swali hili limejaza viwanja vya mihadhara Dar es Salaam na Mombasa kwa miongo mingi. Wakristo hufuata Matendo 3:22, inayomtaja Yesu. Waislamu huonyesha kwamba Ishmaeli anaitwa ndugu katika Mwanzo, na kwamba Muhammad alileta sheria kama Musa. Sura yenyewe inawaonya Israeli wasiwaendee waganga na wapiga ramli, kwa kuwa Mungu atawainulia nabii wa kumsikiliza, na neno "ndugu" sura moja nyuma (17:15) linamaanisha Mwisraeli dhidi ya mgeni. Maana ya kwanza, kwa hiyo, ni nabii atakayeinuliwa ndani ya Israeli kila kizazi kitakapomhitaji. Kila dini ina haki ya kuisoma zaidi ya hapo, ila usomaji huo ni wa aina ya kujaza, iliyoelezwa katika swali la 1, na hauwezi kumlazimisha mtu wa dini nyingine.

18. Je, Gogu wa Ezekieli 38 ni Urusi?

Hapana. Mesheki na Tubali, ambao sura hiyo inamwita Gogu mkuu wao, ni watu wanaojulikana katika kumbukumbu za Waashuri, nao waliishi katika eneo la Uturuki ya leo. Kufanana kwa Mesheki na jina la mji mkuu wa Urusi ni kwa sauti tu.

19. Kama Ezekieli alikosea kuhusu Tiro, je, alikuwa nabii wa uongo?

Waliokusanya kitabu chake hawakuona hivyo, na walikuwa na sura ya 26 na sura ya 29 mbele yao. Yerusalemu ulianguka kama alivyosema, na hilo ndilo lililokuwa jambo kuu la utumishi wake. Wala si yeye peke yake. Nabii Hulda alimwambia mfalme Yosia kwamba angekusanywa kaburini mwake kwa amani (2 Wafalme 22:20). Mwaka 609 KK Yosia aliuawa na Farao Neko huko Megido, akaletwa Yerusalemu garini akiwa maiti. Wapo wanaoeleza kwamba amani hiyo ni kutoyaona maangamizi ya Yerusalemu, na mstari wenyewe unawasaidia kidogo. Mwandishi wa Wafalme hakutoa maelezo hayo. Aliyaandika maneno ya Hulda katika sura ya 22, akakiandika kifo cha Yosia katika sura ya 23, na akayaacha yote mawili kama alivyoyapokea.